Kiyoyozi Hakili Gesi

Mwaka jana, joto la kaskazi lilipokaribia, fundi alifika nyumbani kwangu Msasani, akapima upepo wa kiyoyozi kwa kiganja na kusema gesi imepungua. Akaunganisha mtungi, baada ya dakika kumi akalipwa, akaondoka. Chumba kikapoa. Novemba mwaka huu vuguvugu likarudi, na fundi mwingine akanitajia bei ya kujaza gesi kwa simu, mashine yenyewe hajaiona. Nikamwita wa tatu. Kazi aliyoifanya huyo inastahili kuchambuliwa hatua kwa hatua.

Kwanza tuielewe mashine. Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Ni pampu ya joto. Hulichota joto chumbani na kulimwaga nje. Changu ni cha BTU 12,000: kikiwa kizima huhamisha takriban kilowati 3.5 za joto kwa umeme wa kilowati 1 hivi. Mbebaji wa joto hilo ni gesi inayozunguka ndani ya paipu za shaba zilizozibwa kila upande. Kwenye koili ya ndani hufyonza joto, kompresa huishindilia, na koili ya nje huipokonya joto hilo. Kisha hurudi kuanza upya. Hakuna mahali inapoungua.

"Dada, AC hainywi gesi kama gari linavyokunywa mafuta," fundi aliniambia. "Ikipungua, kuna tundu."

Hata hivyo hakukimbilia tundu. Alianza na kipimajoto chenye waya: hewa inayoingia kwenye mashine nyuzi 29, inayotoka 23. Tofauti ni nyuzi 6, akaiandika. Hapo ndipo alipozima swichi kuu na kufungua kifuniko.

Filta ilikuwa imevaa vumbi zito kama blanketi. Nyuma yake, mapezi ya alumini yalikuwa na utando wa kijivu, na blowa ilikuwa na ukungu mweusi. Uchafu huo huizuia hewa isiguse koili, na koili isipopata joto huweza kuganda barafu. Dalili yake inafanana sana na ya gesi iliyopungua, ndiyo maana kiganja hakitoshi. Alifunga mfuko wa plastiki chini ya mashine, akaosha kwa maji ya msukumo mdogo, akazibua mpira wa kutolea maji uliojaa utelezi.

Nje kulikuwa na adui mwingine: chumvi. Upepo wa bahari huiacha juu ya mapezi, nayo ikipata unyevu, alumini inayogusana na shaba huanza kulika. Kona moja ya koili ilikuwa imegeuka unga mweupe. Aliosha kutoka ndani kuelekea nje, kinyume na njia ya hewa, ili uchafu utoke badala ya kushindiliwa zaidi. Hakutumia sabuni kali, kwa sababu nayo huila alumini.

Akawasha, akasubiri robo saa, akapima tena. Tofauti sasa ilikuwa nyuzi 8. Maji yamesaidia, ila hayajamaliza. Akaniita nitazame paipu nyembamba pale inapoungana na sehemu ya nje: ilikuwa imeota barafu. Chini yake, kwenye nati, kulikuwa na doa la mafuta lililonasa vumbi. Mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi, kwa hiyo gesi inapotorokea huacha alama. Akapaka povu la sabuni. Kiputo kimoja kikavimba polepole, kikapasuka, kikafuata kingine.

Alivuta gesi yote kwa mashine maalumu na kuirudisha mtungini, akaipima: gramu 640. Kibandiko cha kiwanda kinasema 950. Karibu theluthi moja ilikuwa imevuja. Wapo mafundi ambao wangeiachia hewani. Hii ni R-410A, ambayo kilo moja yake hulipasha anga joto zaidi ya mara 2,000 kuliko kilo moja ya kaboni dioksidi. Gesi za jamii hii ndizo ambazo nchi zilikubaliana kuzipunguza huko Kigali mwaka 2016.

Mdomo wa paipu ulikuwa na ufa mwembamba. Aliukata, akautanua upya, akafunga nati kwa spana ya kipimo. Akajaza nitrojeni kavu yenye presha, akaacha nusu saa. Mshale wa geji haukusogea. Kisha pampu ya vakyumu ikafyonza hewa na unyevu kwa nusu saa nyingine, kwa sababu unyevu ukichanganyika na mafuta huzaa asidi inayoila kompresa. Mwisho akaweka mtungi juu ya mizani, kichwa chini. R-410A ni mchanganyiko wa gesi mbili, hivyo lazima iingie ikiwa kimiminika ili uwiano usiharibike. Akafunga gramu 950 zilipotimia.

Kipimo cha tatu: nyuzi 28 zikiingia, 17 zikitoka. Tofauti 11. Ampia 4.8, chini ya 5.2 za kwenye kibandiko.

Kazi ilichukua saa nne, na bei yake ilizidi ile ya mtungi wa dakika kumi. Lakini fundi wa mwaka jana aliniuzia gesi iliyokuwa tayari njiani kutoka. Filta ioshe mwenyewe kila wiki mbili. Ukiwa karibu na bahari, koili ya nje imwagie maji baridi kila mwezi, umeme ukiwa umezimwa. Mwite fundi mara mbili kwa mwaka, kabla ya kaskazi na baada ya masika. Na anayetaka kujaza gesi akuonyeshe kwanza inakovujia.

Kabla ya kurudisha kifuniko, fundi alibandika ndani yake kipande cha utepe na kuandika tarehe, nyuzi 11, ampia 4.8, gramu 950. Chini yake ameacha mistari mitupu kwa atakayekuja baada yake.