Fishie zinazorudi: kwa nini ninapinga dawa ya «futa yote»

Wandugu, kila mwanafunzi mwenye ordinatere anajua dawa moja. Mashine ikianza kuchoka, unabonyeza Windows na R, unaandika %temp%, unachagua yote, unafuta. Zile zinazokataa, unaziruka. Kesho yake unafungua: fasi imejaa tena. Basi mukubwa mmoja wa promosheni anakuambia: «Weka programu ya kusafisha, itafuta kila asubuhi.» Dawa hiyo nimeisikia miaka yote ya masomo. Leo nataka kuikosoa, juu naona inatugharimu kuliko vile inatusaidia.

Kosa lake la kwanza ni kufikiri kwamba fishie ya muda ni uchafu. Fishie ya muda ni ile karatasi ya pembeni unayofanyia hesabu wakati wa egzamen. Ukifungua TFC yako ndani ya Word, Word inatengeneza fishie ndogo iliyofichwa, jina lake linaanza na ~$. Ndani mwake mko jina la mwenye kufungua, ili mutu mwingine asiibadilishe kwa wakati ule ule. Ukifunga vizuri, Word inaifuta yenyewe. Lakini kwetu umeme unakatika bila kuaga, na ordinatere nyingi za mezani haziko na batri. Word haikupata nafasi ya kufuta, fishie inabaki yatima. Utafuta leo, umeme utakatika kesho, yatima mwingine atazaliwa. Unapigana na matokeo, sababu iko pale pale.

Na kuko yatima wenye faida. Word inaweka nakala ya kuokoa kazi, kwa kawaida kila dakika 10, na jina lake linaishia na .asd. Mwenzetu mmoja aliipoteza sura nzima ya kazi yake kwa njia hiyo. Umeme ulikatika akiwa kwenye nyumba moja ya kuandikisha kazi, hajahifadhi. Uliporudi, mfanyakazi wa pale alitaka kwanza «kurahisisha mashine»: akatafuta kila fishie ya .tmp na .asd kwenye diski yote, akafuta, kisha njo akafungua Word. Word haikuwa tena na kitu cha kurudisha. Yule mfanyakazi hakuwa mubaya. Alifanya vile sisi wote tumefundishana.

Kosa la pili: dawa inachanganya magonjwa ambayo hayafanani. Tuangalie matatu.

Kuko fishie zinazorudi juu ni kazi yao kurudi. Hiberfil.sys, kwa mfano, inakula giga kadhaa, na ni pale Windows inaweka kazi zako mashine inapolala kabisa. Ukitaka iondoke, unaandika powercfg /h off kwenye dirisha la amri la administrateri, inaondoka na hairudi. Lakini fikiri kwanza: batri ya laptop ikiisha katikati ya kuandika, ni kulala huko kunakookoa kazi yako.

Kuko zinazorudi juu ya hitilafu. Kwenye Windows 7, ambayo bado iko kwenye mashine mingi za okazioni, utakuta ndani ya C:\Windows\Temp fishie zinazoanza na cab_, kila moja kama mega 100, na zinaongezeka mpaka diski inajaa. Watu wanazifuta kila juma. Sababu iko fasi ingine: ndani ya C:\Windows\Logs\CBS muko fishie ya kumbukumbu iliyopita giga 2. Windows inajaribu kuikandamiza, chombo chake hakiwezi ukubwa huo, kinashindwa na kuacha kipande nyuma. Kisha kinajaribu tena. Ondoa zile kumbukumbu kubwa za zamani, na cab_ zinaacha kuzaliwa.

Ya tatu ni virusi ya kle USB, ile inayoficha dosie zako na kuweka vifupisho fasi yake. Ukifuta vifupisho, vinarudi mara moja, juu kuko skripti inayotembea ndani ya mashine na kuviandika upya. Dawa inaanza kwenye mashine, kisha njo kle.

Sasa programu yenyewe. CCleaner ndiyo inayojulikana zaidi, na niseme haki: inaonyesha kwa urahisi fasi ambayo imejaa. Lakini mwaka 2017 wahalifu waliingia kwa watengenezaji wake, na toleo 5.33 likatoka rasmi likiwa na programu ya hatari ndani. Mashine zaidi ya milioni 2 zililipata. Kama toleo la kweli liliweza kuchafuliwa, sembuse lile «la bure» lililovunjwa, linalotembea kati yetu kwa kle? Tena Windows iko na msafishaji wake, na ule wa zamani unaacha fishie za muda ambazo hazijafika siku 7. Huo si uvivu. Ni kungoja kuona kama mwenye fishie atarudi kuichukua.

Mutu atanijibu: «Diski yangu ni ya giga 64, nifanye nini?» Jibu lake ni la haki, na sisemi tusifute kitu. Lakini angalia hesabu ya mega. Ukifuta dosie ya SoftwareDistribution\Download kabla masahihisho ya Windows hayajawekwa, Windows itayashusha tena, kwa forfe yako. Umepata nafasi asubuhi, umeilipa mangaribi. Ni afadhali kuiambia Windows kwamba koneksio yako ina kipimo, na kuhamisha filme zako nje ya diski.

Kwa hiyo, fishie ikirudi mara ya pili, usiifute mara ya tatu. Angalia jina lake, saa iliyozaliwa, na dosie iliyomo. Kisha andika resmon, fungua sehemu ya diski: utaona programu gani inaandika sasa hivi. Ukimjua mwandishi, utajua kama ni wa kuacha, wa kurekebisha, ao wa kufukuza.

Hapa njo ninawakosoa hata walimu wetu. Kozi ya informatiki inatufundisha kutaja sehemu za ordinatere na kuhesabu bita. Hakuna aliyetufundisha kuuliza: «Ni nani ameandika hii?» Tunatoka na diplome, tunaajiriwa ofisini, na tunafuta kila asubuhi kitu ambacho mangaribi kitakuwa kimerudi. Swali hilo moja halilipishwi hata mega moja, na linaweza kuokoa TFC ya mutu.