Uzuri wa Shambani na Uzuri wa Nyumbani

Katika tungo za kale zisomwazo kwa Kiswahili, ziko mbili zifaazo kuwekwa pamoja na kupimwa. Ya kwanza ni Wimbo Ulio Bora, katika Agano la Kale. Ya pili ni Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka wa 1858 na Mwana Kupona binti Mshamu wa kisiwa cha Pate, karibu na Lamu. Zote mbili zanena habari za mapenzi, wala hazineni kwa namna moja.

Katika Wimbo, uzuri huonekana nje. Wapendanao huitana waende mashambani, hufananishana na njiwa na paa. Huko Palestina mvua huja wakati wa baridi. Ikiisha ndipo maua yatokeapo na watu hufurahi. Sisi tuingojeao mvua kwa furaha yatupasa kulikumbuka jambo hilo, tusije tukaikosa maana. Tena mwanamke mwenyewe asema ya kuwa jua limemchoma kwa kulinda mizabibu, wala kazi hiyo haikumwondolea uzuri wake.

Kwa Mwana Kupona, uzuri ni kazi ya mikono. Ua litajwalo ni yasmini lililokwisha kutungwa. Kisha udi, hina, wanja, nyumba safi, na ulimi wenye adabu. Alikuwa mgonjwa, akamwachia binti yake mafundisho haya kama kidani cha lulu na marijani. Mapenzi kwake ni utumishi: mume alalapo asiamshwe kwa kelele, apepewe, atunzwe kama mtoto asiyejua kunena.

Wako wasemao kwamba Mkristo hana haja na utendi wa Kiislamu. Wako na waonao haya kuusoma Wimbo mbele ya vijana. Sisi hatupatani na hawa wala na wale. Mwana Kupona atufundisha jambo ambalo Wimbo hauliendei sana, yaani, maua yakiisha kunyauka, mapenzi hudumu kwa matendo madogo ya kila siku. Lakini katika utendi wake mke ndiye aagizwaye, na mume hupokea. Maana alimwandikia binti, hakumwandikia mkwewe. Katika Wimbo wote wawili hunena, wote wawili hutafutana, na mwanamume haoni haya kumsifu mpenzi wake kwa kinywa chake mwenyewe.

Basi, mzazi amsomeaye binti yake utendi, na amsomee mwanawe wa kiume Wimbo. Maana mke atumikaye pasipo kusikia neno jema hata siku moja huchoka, na maneno matamu ya mume asiyeshika jembe hayajazi chungu.