Ajabu Isielezwe: Namna ya Kupima Riwaya Iliyogeuzwa Katuni

Ukiletewa riwaya ya zamani ya watoto iliyogeuzwa kuwa katuni, usiihukumu kwa jalada. Kazi ya jalada ni kuuza. Tafuta ukurasa ambao ajabu kuu ya hadithi inatokea, pale mtu anapogeuka mnyama au mji unapogeuka mawe, kisha rudi nyuma kurasa mbili tatu usome kuanzia hapo. Mchoraji asiyeijua kazi hujulikana papo hapo, maana ajabu ikifika anapiga kelele. Rangi zinawaka, fremu inapanuka, maandishi yanaeleza kila kitu, na mtoto anayesoma haachiwi hata chembe ya kushangaa mwenyewe.

Kipimo changu ni Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1952. Huku Mtae tuko ukingoni kabisa mwa Usambara, lakini mkoa ni huohuo wa Tanga alikozaliwa mwandishi, kijijini Vibambani, mwaka 1909, nami humsoma kama mtu wa nyumbani. Hata hivyo sikichagui kitabu hiki kwa ujirani tu. Ni chembamba, na bado kina jini, wanadamu waliogeuzwa manyani, mji wa mawe, na usaliti baharini. Kila mtego unaoweza kumnasa mchoraji umo.

Wa kwanza ni mpangilio. Hadithi haikuanzia mwanzo wa mambo. Tunamkuta Adili, kiongozi anayesifiwa kwa wema, usiku akiwatandika manyani wawili kwa mjeledi, kisha akiwahurumia na kuwalisha. Mjumbe wa mfalme Rai anachungulia, asijue aamini nini. Rai ni mfalme anayewajali wanyama, kwa hiyo shauri ni zito, na Adili anaitwa ajieleze. Ndipo tunaposikia kwamba manyani wale ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa na jini aitwaye Huria. Wapo wahariri watakaotaka kuinyoosha hadithi ianze na utoto wa ndugu watatu, ifuate safari, imalizie na mjeledi, eti mtoto asichanganyikiwe. Ukikuta hivyo, funga kitabu. Msomaji anatakiwa amwone mtu mwema akifanya jambo baya, na akae na donge hilo kifuani kurasa kadhaa kabla ya kupewa sababu. Katuni inayomwondolea mtoto donge hilo imemwondolea hadithi yenyewe.

Msingi wa kisa hiki umo katika Alfu Lela u Lela, kwenye hadithi ya Abdallah bin Fadhil na nduguze wawili. Kule ndugu wamegeuzwa mbwa. Shaaban Robert akawafanya manyani, na kwa uamuzi huo akamwekea mchoraji hazina mezani: nyani ana mikono, tena ana uso unaokaribiana na wa binadamu. Basi tazama ukurasa wa mjeledi. Mchoraji mzuri hataharakisha kutuonyesha nyuso. Atatupa jicho la mjumbe kwenye upenyo wa mlango. Fremu inayofuata, mgongo wa Adili na mkono ulioinuliwa. Kisha kiganja kimoja cha nyani, vidole vimetanuka, kimeziba uso kama anavyojikinga mtu. Hakuna neno. Mtoto akifika hapo anasita, anarudi fremu moja nyuma, anakitazama tena kile kiganja. Ameshaanza kushuku, na hakuna aliyemwambia. Mchoraji wa haraka, kwa upande wake, atakupa fremu moja kubwa yenye manyani wanaolia machozi mazito, na juu yake kisanduku cha maandishi kinachotangaza kwamba manyani hawa hawakuwa manyani wa kawaida. Mwenye macho haambiwi tazama, na katika katuni kanuni hiyo ni sheria ya kazi.

Njoo kwenye nyuso za Hasidi na Mwivu walipokuwa bado watu. Majina yao yamekwisha sema yote, kwa hiyo picha haina sababu ya kurudia. Hapa wachoraji wetu wana jaribu lao la pekee. Tumelelewa na vikaragosi. Chakubanga wa Christian Gregory alichekesha wasomaji wa gazeti la Uhuru kuanzia miaka ya 1960, na waliokua na jarida la Sani hawajawasahau Ndumilakuwili na Lodi Lofa. Ni sanaa ya kweli, na chumvi yake ni ya lazima, kwani kikaragosi hutaka pua ndefu, tumbo la mbele, jicho la ulaghai. Ndiyo maana mtindo huo ulimfaa Gado alipochora Abunuwasi, kitabu cha katuni kilichotolewa Nairobi na Sasa Sema mwaka 1996, kwa kuwa Abunuwasi ni mjanja na ujanja hupenda chumvi. Ukiuhamishia kwa Hasidi, unaharibu. Hasidi akiwa na macho ya kengeza na tabasamu la fisi tangu ukurasa wa pili, Adili anayemsamehe na kusafiri naye anakuwa mpumbavu, na kitabu kinakuwa hadithi ya mpumbavu. Ndugu hawa wanapaswa kufanana: paji lilelile, mkao uleule wa mabega, hata namna ya kukunja kanzu wanapokaa. Husuda ionekane katika jambo dogo, labda mmoja anatazama sahani ya mwenzake badala ya yake. Ninapenda sana katuni inayonifanya niwachanganye ndugu wema na wabaya kwa kurasa chache. Imeniweka mahali alipo Adili.

Sasa mji wa mawe. Kwangu huu ndio mtihani mkubwa kuliko yote, na nashangaa ni wachache wanaouona. Adili anaingia katika mji ambao watu wake wamegeuka mawe, akakuta binti mmoja tu aliye hai, Mwelekevu. Kwa maneno jambo hili ni rahisi: unasema ni mawe, yamekuwa mawe. Lakini katika katuni kila mtu amesimama tuli siku zote. Muuza ndizi aliye hai na muuza ndizi wa jiwe, wote wawili ni mistari isiyosogea. Utawatenganishaje?

Kupaka rangi ya kijivu ni jibu la mvivu. Jibu la fundi limeanza kurasa nyingi nyuma. Kwanza ameujaza mwendo ulimwengu wa walio hai, nguo zinapepea, vumbi linatimka, watu wanakatwa na ukingo wa fremu kwa sababu wanapita. Jicho la mtoto limezoea. Kisha mji wa mawe unafunguka na mistari inanyooka. Kanga haina upepo. Mtu ameshika mizani na hakuna anayempimia. Halafu, na hapa ndipo utamjua fundi, anachora mahali palepale mara tatu mfululizo, pembe ileile, watu walewale: katika fremu ya kwanza Adili yuko mlangoni, katika ya pili yuko katikati ya soko, katika ya tatu anagusa bega la mtu. Yeye peke yake ndiye aliyebadilika. Kivuli chake kinasogea, vivuli vyao vimegandamana na ardhi. Mtoto anahesabu na kulinganisha, kidole kikienda huku na huku juu ya karatasi, mpaka anatambua kwa nguvu zake kwamba hawa si watu. Mwelekevu anapotokea, inatosha ushungi wake uwe umeinuka kidogo.

Ukimya huo una sauti yake. Lugha yetu imejaa tanakali za sauti, na katuni ndiyo nyumba yake ya asili, lakini mara ngapi tunakuta mlio ulioazimwa kutoka vitabu vya Marekani, herufi nene zinazosema bumu na splashi? Ndugu wanapomtupa Adili baharini, anaanguka chubwi. Angetupwa ardhini ingekuwa pu, na mchangani tifu. Mji wa mawe ni kimya jii, na nimewahi kuwaza jii hiyo imeandikwa kwa herufi nyembamba, hafifu, zimetandazwa kutoka ukingo mmoja wa ukurasa hadi mwingine juu ya mapaa ya nyumba. Mtoto wa Kiswahili husikia tanakali kabla hajaisoma. Tazama pia viputo vya maneno. Maneno yetu hubeba sentensi nzima, hawakumwambia ni neno moja, na kiputo kilichokatwa kwa vipimo vya lugha nyingine hulivunja vipande vibaya. Ukiona neno limekatwa katikati ya silabi, jua aliyepanga herufi hakulisoma kwa sauti.

Mahali napo panapimwa. Mwaka 1940 Sheldon Press ya London ilitoa tafsiri ya Kiswahili ya hadithi ya Alice, Elisi katika Nchi ya Ajabu, na picha mashuhuri za John Tenniel zikachorwa upya ili Elisi awe msichana wa Kiafrika. Ilikuwa heshima kwa msomaji, na siidharau. Lakini kumbadilisha mtu ngozi na mavazi ni hatua ya mlangoni. Mwaka 2015 Ida Hadjivayanis alikitafsiri upya kitabu hicho, na anayefikiria kukigeuza katuni leo anapaswa kujiuliza maswali mazito zaidi. Nchi ya ajabu ya mtoto wa pwani iko chini ya shimo gani? Mwanga unaingilia wapi? Miti gani inamkumba?

Kwa Adili, angalia chombo chake. Jahazi hubeba tanga la pembetatu, nalo huning'inia kwenye foromali iliyolala mshazari. Mtepe wa zamani, ulioshonwa kwa kamba za nazi, ulikuwa na tanga la mkeka la pembe nne. Ukiona jahazi lenye matanga ya meli ya maharamia wa sinema, mchoraji hakutazama bahari. Hali kadhalika huku milimani. Siku mtu atakapochora kisa cha Mbegha, mwindaji aliyeua simba na kuwa mtawala wa Wasambaa, habari iliyoandikwa na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi, nitatazama kwanza miteremko. Shamba la Usambara limeegama mlimani; mtu anayelima huku mguu mmoja uko juu ya mwingine. Mbegha akisimama kwenye nyasi tambarare zenye mgunga mmoja, huyo ametoka kwenye kadi ya posta ya watalii.

Urefu wa kitabu usikutishe. Hope Larson alipoigeuza katuni A Wrinkle in Time ya Madeleine L'Engle, riwaya ya mwaka 1962, toleo lake la mwaka 2012 lilikaribia kurasa 400, kwa rangi tatu tu: nyeusi, nyeupe na buluu. Amewapa watoto wa hadithi hiyo muda wa kukaa jikoni usiku, wa kuogopa, wa kunyamaza. Huwa nawatajia kitabu hicho wanaodhani kwamba katuni ni ufupisho. Adili ni hadithi fupi zaidi, lakini akinijia katika kurasa 32 nitakuwa na mashaka kabla sijafungua. Mji wa mawe peke yake unataka kurasa kumi.

Swali la maneno gani yabaki ni gumu, hasa kwa Shaaban Robert, ambaye sentensi zake zina mwendo na mafundisho. Rai yangu ni kwamba masimulizi yapungue mpaka karibu yaishe, na mazungumzo yaachwe na fahari yake. Mfalme Rai asizungumze kama kijana wa kituo cha daladala eti lugha iwe nyepesi. Mtoto hukipenda Kiswahili kizito kikitoka kinywani mwa mfalme. Anajua wafalme husema hivyo, naye atakijaribu kesho yake kwa wadogo zake.

Kusadikika, riwaya nyingine ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951, ni ngumu kupita hii. Karama anasimama mahakamani mbele ya mfalme, waziri Majivuno akiwa mshitaki, na utetezi wake ni kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, zikiwemo mbinguni na ardhini. Mchoraji mbovu atatuchorea vichwa vinavyoongea siku sita. Mzuri atabadilisha mkono kwa kila mjumbe: kalamu kavu kwa mmoja, wino wa kumwagika kwa mwingine, ilhali mahakama inabaki kwa mistari ileile, na nyuso za wasikilizaji zinalegea kidogo kila siku inayopita. Kuhusu nchi yenyewe, inayoelea angani, ningemwomba mchoraji aje Mtae asubuhi ya ukungu, asimame ukingoni pale ambapo mbuga ya Mkomazi imefunikwa na mawingu yaliyo chini ya miguu yake. Ataona kwamba nchi ya angani haihitaji mbawa wala minyororo ya dhahabu kuishikilia. Inahitaji ukingo, na nyumba za kawaida karibu na ukingo huo, na watu wanaopita bila kutazama chini kwa kuwa wamezoea.

Mwisho kagua uchapaji, nao hauchukui muda. Fungua katikati uone kama mshono umemeza uso wa mtu. Gundi nyepesi haivumilii unyevu wa milima hii, kwa hiyo tafuta kitabu kilichoshonwa kwa uzi. Angalia ajabu kuu imewekwa upande gani: ikiwa kwenye ukurasa wa kulia, jicho huiona kabla ya wakati wake, ikae kushoto, baada ya kugeuza. Kisha inua karatasi uielekeze dirishani. Karatasi nyembamba huvujisha picha ya nyuma, na mtoto atawaona Hasidi na Mwivu wamekuwa manyani wakati bado wanapakia bidhaa chomboni. Toleo la namna hiyo usilinunue, hata kama mchoraji wake ni hodari.