Sikio la Fundi wa Beringi

Katika kazi zote za fundi wa mashine za kusaga, ninayoistahi kuliko zote ni ile isiyoacha alama yoyote: kusikiliza beringi. Mashine inanguruma, mkanda unapiga, vumbi la unga limetanda. Fundi anagusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye nyumba ya beringi, anaweka mpini wake kwenye mfupa wa mbele ya sikio, anafumba macho. Chuma kinamletea yaliyomo ndani.

Yaliyomo ndani ni gololi zinazokimbia juu ya utando wa mafuta ambao mara nyingi haufiki unene wa maikroni moja. Unywele ni mnene kuliko huo mara hamsini na zaidi. Utando ukiwepo, beringi yenye kishimo hugonga kwa mpangilio. Chukua beringi namba 6205 yenye gololi 9: shafti ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, kishimo cha ringi ya nje hupigwa karibu mara 90 kila sekunde. Grisi ikipungua, chuma hukutana na chuma. Unazuka mkwaruzo mkali wa mfululizo, unaoweza kulifunika lile pigo, huku kingo za kishimo zikizidi kumeguka. Mtikisiko umepanda, lakini kwa sababu ipi? Ukavu au jeraha? Hapo ndipo ufundi ulipo, maana dawa ya ukavu ni grisi, na ya jeraha ni beringi mpya.

Fundi huuliza kwa grisi. Anafuta nipeli kwanza, vumbi lisiingie, kisha anasukuma kidogo kidogo, bisibisi ingali sikioni. (Wapo wanaojaza mpaka imwagike. Huniuma kuona hivyo, kwa sababu grisi iliyosheheni huvurugwa na gololi ikachemka. Kwa kawaida theluthi moja ya nafasi yatosha.) Mkwaruzo ukitulia na kubaki umetulia, beringi ilikuwa kavu tu. Ukitulia, halafu ukarudi baada ya muda mfupi na pigo likasikika wazi, ringi imeshaliwa.

Basi anamwambia mwenye mashine azime, hata kama madebe ya mahindi yamepangwa foleni mpaka nje. Beringi ikikwama, ringi ya ndani huanza kuteleza juu ya shafti na kuichimba, na shafti ikishachimbika itabidi ivuliwe, ijazwe kwa kuchomelewa, kisha ikerezwe upya.