Mama Tembo ni Nani? Lugha na Mnyama wa Kufugwa katika Filamu ya Hatari!

Filamu ya Hatari!, iliyoongozwa na Howard Hawks na kuonyeshwa kwanza mwaka 1962, ni miongoni mwa filamu chache mashuhuri za Marekani zenye jina la Kiswahili. Ilipigwa Tanganyika ya kaskazini, pande za Arusha na Momella, nayo yasimulia kundi la watu wakamatao wanyama hai kwa ajili ya bustani za wanyama za ng'ambo. Imesifiwa sana kwa namna vifaru na twiga wanavyofukuzwa kwa magari, na sifa hiyo ni ya haki. Hata hivyo, nguvu yake juu ya fikira za mtazamaji haimo katika kifaru. Imo katika ndama watatu wa tembo.

Dallas, mpiga picha achezwaye na Elsa Martinelli, awalea ndama hao yatima na kuwaogesha kama watoto wake. Wenyeji wampa jina la Mama Tembo. Kisarufi jina hili lina utata. Likifuata mpangilio wa Mama Juma, ni mama wa aitwaye Tembo. Katika mazungumzo ya kila siku laweza pia kuwa tembo jike mwenyewe aliyezaa. Filamu yaitumia maana ya kwanza, na kwa kufanya hivyo yaifuta ya pili. Tembo aliyezaa hana tena nafasi katika hadithi, kwa kuwa cheo chake kimekwisha kutwaliwa. Kinachobaki akilini ni ndama wakimfuata Dallas katika mitaa ya Arusha, ndoto ya kila mtoto atamaniye mnyama wa porini nyumbani. Neno hatari limeishia kwenye bango.

Yafaa kuwa na kiasi hapa. Ilisemwa sana kwamba filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003 ilizidisha ununuzi wa samaki wa mapambo. Thane Militz na Simon Foale walipochunguza dai hilo mwaka 2017, ushahidi walioukuta ulikuwa haba. Kudai basi kwamba kila filamu huzaa wanunuzi ni kukata hukumu kabla ya shahidi kusikilizwa. Lakini utafiti wa Stephen Ross na wenzake, uliotolewa Marekani mwaka 2011, ulionyesha jambo jingine: waliotazama picha ya sokwe mtu akiwa na binadamu kando yake walielekea zaidi kumwona kuwa afaa kufugwa, na kudhani kwamba wenzake wa porini wako salama. Picha, basi, hata isipozaa uchu wa kununua, hulifanya jambo geni lionekane la kawaida. Filamu za Tarzan zilifanya kazi hiyo tangu miaka ya 1930 kwa sokwe mtu mchekeshaji aitwaye Cheeta. (Jina hilo kwa Kiingereza ni la duma, kosa ambalo Hollywood haikulijali.)

Kwa msomaji wa Sanga au Kamina, Arusha ya 1962 yaweza kuonekana mbali. Lubumbashi, iliyoungwa na Kamina kwa reli, si mbali. Huko, tangu 2006, kituo cha J.A.C.K. hupokea sokwe mtu walionyang'anywa wafanyabiashara, na jina lake la Kifaransa lamaanisha wanyama wachanga walionyang'anywa Katanga. Neno lenye uzito hapo ni wachanga. Mtoto wa sokwe mtu hunyonya kwa miaka kadhaa, akishikilia manyoya ya mamaye. Atakaye kumtwaa humwua mama kwanza, na mara nyingi wakubwa wengine wa kundi wanaomtetea. Mnamo Septemba 2022 watoto watatu waliibwa kituoni humo, na wezi wakadai fidia. Wateka nyara walijua vema kwamba watoto hao wana walezi. Mama zao walikuwa wamekwisha kutoweka katika hesabu, kama katika filamu.

Onyesho la mwisho la Hatari!, ndama akivamia chumba cha maarusi hadi kitanda kuvunjika, huchekesha hata leo. Mwanafunzi atakayelitazama alirudie mara ya pili, akichunguza katika filamu nzima neno mama latamkwa kwa nani.