Mifupa ya al-Andalus: Nani Alikula Nini?

Anayetaka kujua wanawake na wanaume wa vijijini huko al-Andalus, yaani Hispania na Ureno chini ya utawala wa Waislamu ulioanza mwaka 711, walikula nini, hapati msaada mkubwa kutoka kwenye maandishi. Kitabu cha kilimo cha Ibn al-Awwam wa Sevilla, cha karne ya 12, kinaeleza mashamba na mifugo kwa kina, lakini hakikuandikwa ili kutuambia nani alipakuliwa nyama na nani alibaki na mkate. Makaburi nayo hayasemi mengi: maiti alivikwa sanda, akalazwa kwa ubavu wa kulia, uso ukaelekezwa kibla, kwa kawaida bila chombo wala pambo. Imebaki mifupa yenyewe. Hoja yangu ni kwamba mifupa inaweza kutujibu, ila jibu halimo katika kulinganisha wastani wa wanaume na wa wanawake. Limo katika kufuatilia ulaji wa mtu mmoja mmoja tangu utoto.

Kazi huanza kwa kipande kidogo cha mfupa kilichoondolewa madini kwa asidi hafifu, ikabaki protini iitwayo kolajeni. Hapo hupimwa uwiano wa naitrojeni nzito kwa nyepesi, ambao hupanda kwa takriban sehemu 3 hadi 5 katika elfu kutoka kwa kinacholiwa hadi kwa mlaji. Kaboni nayo hutenganisha ngano na shayiri na nafaka za jamii ya mtama na uwele. Lakini samadi huipandisha naitrojeni ya shayiri, hivyo mla shayiri huweza kudhaniwa mla nyama. Na mbuzi aliyelishwa mabua ya mtama humrithisha mlaji wake alama ya mtama. Kwa hiyo mifupa ya mbuzi na kondoo wa kijiji kilekile haina budi kupimwa kwanza.

Kipimo kikishasawazishwa hivyo, meno ndiyo yanayofungua mlango. Mfupa wa paja huchanganya chakula cha miaka kumi au zaidi, na mfupa wa ubavu miaka michache kuliko hiyo, ilhali jino likishaumbika halijengwi upya. Gego la kwanza huanza kuumbika karibu na kuzaliwa, na mzizi wake hukamilika mtoto akiwa na miaka tisa hivi. Likikatwa vipande vyembamba kutoka juu hadi ncha ya mzizi, huonekana naitrojeni iliyo juu wakati wa kunyonya, kisha ikishuka mtoto anapoachishwa ziwa. Kurani inataja miaka miwili kamili kwa anayetaka kukamilisha kunyonyesha. Jino laonyesha kama binti na mvulana walitimiziwa sawa. Kisha jino hilo hulinganishwa na ubavu wa mtu yuleyule. Ikiwa njia za mabinti na wavulana zilitengana utotoni, ubaguzi ulianzia kwa wazazi. Zikitengana ukubwani, tutafute sababu katika ndoa, kazi na uzazi.

Watasema mimba yenyewe huweza kushusha naitrojeni bila chakula kubadilika. Ni kweli, na nywele za wajawazito zimeonyesha hivyo. Lakini ubavu huchanganya miaka, hivyo miezi ya mimba moja hufifia humo. Uzito zaidi uko kwenye pingamizi la pili: kama vipimo vya jinsia zote vinalingana, si usawa huo? Hapana. Kipimo hiki ni cha uwiano wala si cha kiasi. Aliyepakuliwa mara mbili na aliyepakuliwa mara moja kutoka chungu kimoja huacha alama ileile. Upungufu lazima utafutwe kwingine, kama katika mistari ya kudumaa kwa jino na vitundu vya paa la tundu la jicho, navyo visomwe kwa tahadhari: kovu lililopona ni la aliyenusurika, na aliyekufa upesi huenda hana kovu lolote.

Ndiyo maana makaburi madogo yasiachwe nyuma. Nyonga ya mtoto haitambulishi jinsia kwa uhakika, lakini siku hizi protini ya tabaka gumu la nje la jino huitambulisha. Mabinti waliofia utotoni hawamo katika wastani wa wanawake watu wazima, na utafiti unaowapima waliokua peke yao hauna haki ya kutangaza kwamba kijiji kiliwalisha watoto wake wote sawa.