Wembe ni Ule Ule, Mashine Ndiyo Mpya

Hakuna kipele. Nimepitisha kiganja chini ya taya, nikakipandisha hadi sikioni, nikakishusha kwenye koromeo, pale ambapo ndevu zangu huota kila moja ikielekea kwake, na hakuna kipele, hakuna mchubuko, hakuna ule moto wa shingo unaomfanya mtu ashinde kifungo cha shati kikiwa wazi. Hakuna! Na kilichofanya kazi hii ni nusu ya wembe. Wembe huuhuu wa dukani unaouzwa Malampaka nzima, hapa kwetu Simiyu, kando ya viberiti na majani ya chai, ambao bei yake haifikii bei ya soda.

Mashine inaitwa Twig, inatoka kampuni ya Leaf ya Marekani, na binamu yangu ameniletea wiki hii kwenye mzigo wake. Ni chuma kitupu, mpini hadi kichwa, plastiki huioni. Ukiishika mara ya kwanza mkono unashuka kidogo kwa uzito, na hapo hapo unaelewa kwamba hii haikutengenezwa ili itupwe. Kichwa ni kidogo, chembamba, na makali yako upande mmoja tu. Upande wa pili ni mgongo: unaweza kuulaza shavuni, kuugeuza, kuupitisha karibu na ndewe ya sikio bila wasiwasi wowote. Nimezoea mashine za makali mawili, zile za kichwa kipana ambazo ukishughulika na masharubu, makali ya nyuma yanakukodolea macho. Hapa nyuma hakuna kitu. Macho yote yanakwenda kwenye ngozi.

Lakini jambo lililonirusha roho ni namna inavyopokea wembe. Haitaki wembe maalumu wa kuagizwa nje. Inataka wembe wa kawaida uliovunjwa katikati kwa urefu. Unauacha ndani ya karatasi yake, unaukunja taratibu kwa vidole vya mikono miwili, tak! Nusu moja inaingia kwenye mashine, nusu ya pili inabaki imefungwa, haijagusa kitu. Unalegeza kichwa, unalaza nusu yako, unakaza, basi.

Sasa nani hapa anahitaji kufundishwa kuvunja wembe? Vinyozi wetu wamevunja nyembe miaka yote! Nilimpelekea mzee mmoja aliyekuwa akinyoa watu chini ya mti karibu na stesheni, enzi ambazo abiria wa treni ya Mwanza walishuka hapa na ndevu za safari nzima. Nikamwamkia, shikamoo mzee, nikamwekea mashine kiganjani. Aliigeuza, akaifungua bila kuuliza inafunguliwaje, akaona mahali pa nusu wembe. "Kumbe wamekuja kwetu," akasema. "Mwanangu, hiki ndicho nilichokuwa nakifanya kwa kijiti." Ndivyo ilivyokuwa: nusu wembe ikabanwa kwenye kijiti kilichopasuliwa au ikashikwa kwa vidole vitupu, na mtu akanyolewa pembe za ndevu zikanyooka. Wahandisi wa Marekani wamekaa na vipimo vyao na kompyuta zao, wakafika palepale pa mzee wa stesheni. Walichoongeza, na nyongeza hiyo ni kubwa mno, ni kinga: ukingo wa chuma unaotangulia makali na kuinyoosha ngozi, na mshiko unaoubana wembe usitikisike.

Mshiko huo una sababu yake. Wembe wa kawaida una urefu wa karibu milimita 43, upana wa 22, na unene wa kama milimita 0.1 tu. Kitu chembamba kiasi hicho kikigonga unywele mgumu kinataka kutetemeka, na kinapotetemeka ndipo kinapoparua ngozi. Ukikibana karibu na makali, kinatulia. Nimeusikia utulivu huo kwa ngozi na kwa masikio pia, maana mashine hii inaongea! Kila ndevu inayokatwa inatoa mlio mkavu, mfululizo, kama maganda ya karanga yanayopukuchuliwa kwenye ungo. Mlio ukikatika, ndevu za pale zimekwisha. Usirudie, nenda mbele. Wembe wa plastiki haujawahi kuniambia chochote.

Safari ya chombo hiki duniani nayo imezunguka hadi ikarudi ilikotoka. Mwaka 1880, New York, ndugu watatu wa ukoo wa Kampfe walisajili mashine yao iliyokuja kuitwa Star, na ilikuwa ya makali mamoja yenye kinga mbele. Wembe wake ulikuwa mnene, wa kunolewa kwenye mkanda wa ngozi kila mara. Kisha akaja King Camp Gillette, mfanyabiashara msafiri aliyekuwa akiuza vizibo vya chupa. Ndiyo, vizibo vya soda! Mwajiri wake, William Painter, ndiye aliyebuni kile kizibo cha bati chenye meno, na ndiye aliyemshauri abuni kitu ambacho watu watakitumia mara chache, watakitupa, na kurudi kununua kingine. Gillette akafikiria wembe wa bati jembamba lenye makali pande mbili. Wajuzi wa chuma wakamwambia haiwezekani. Fundi William Nickerson akaiwezesha, mwaka 1903 zikauzwa mashine 51 tu, na mwaka 1904 hataza ikatoka na mauzo yakalipuka. Wembe wa dukani kwetu, uwe Topaz au Nacet, ni mjukuu wa wembe huo.

Baada ya hapo yakaanza mashindano ya kuongeza. Mwaka 1971 nyembe mbili kwenye kichwa kimoja, mwaka 1998 tatu, mwaka 2006 tano. Tano! Kwa mtu mwenye nywele za kunyooka huenda ni raha. Kwa sisi ni balaa, na sababu yake iko wazi kabisa. Unywele wetu haukai wima. Shina lake limepinda ndani ya ngozi na wenyewe unajisokota unapotoka. Nyembe zikipangwa kwa safu, wa kwanza unauvuta unywele juu, wa pili unaukata kabla haujarudi, na unywele unaporudi ncha yake inajikuta chini ya ngozi. Ncha hiyo ni kali, imekatwa mshazari, na inakua kwa kupinda. Badala ya kutoka inachoma pembeni. Mwili unaona mwiba umeingia, unapeleka uvimbe, na hicho ndicho kipele cha ndevu. Wembe mmoja hauvuti. Unakata unywele usawa wa ngozi na kuuacha pale ulipo, na kesho yake unaendelea kutoka bila kuzibiwa njia.

Hili si jambo la urembo tu. Waulize vijana wanaovaa kofia ngumu kwenye ujenzi wa reli mpya ya Mwanza–Isaka, ile ya kilometa 341 inayopita kwetu, mkanda wa kidevu unavyochoma ukilala juu ya vipele siku nzima juani. Waulize walinzi na askari wanaotakiwa kuwa na kidevu safi kila asubuhi. Wengi wamekata tamaa, wananyoa kwa mashine ya umeme na kuacha vishina, au wanapaka dawa ya kunyolea inayonuka hadi kwa jirani. Hao ndio ninaowaandikia. Jamani, kuna njia!

Na iko sababu nyingine ya mimi kuipenda nusu ile iliyobaki kwenye karatasi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwetu walitambuliwa mwaka 1983 mkoani Kagera, ng'ambo ya Ziwa Victoria, na katika miaka iliyofuata wembe ukawa kitu cha kuogopwa. Shuleni tulifundishwa, zahanati zilibandika mabango: usichangie wembe. Watu wakaanza kwenda kwa kinyozi na wembe wao mfukoni, na vinyozi wakaweka chupa ya spiriti mezani. Mazoea hayo mazuri yanaingia kwenye mashine hii moja kwa moja. Ni mashine ya mtu mmoja, kwa wembe wa mtu mmoja, na unaujua tangu ulipouvunja mwenyewe. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Kwa chombo hiki, kinyozi atajinyoa hadi kisogoni.

Namna nilivyonyoa. Maji kwanza, kwa sababu maji ya visima vyetu ni magumu na yanagoma kutoa povu. Sabuni inageuka utando mweupe unaoganda kwenye beseni. Nilitumia maji ya mvua niliyokinga, nikayapasha moto, nikajifunika uso kwa taulo iliyoloa hadi ndevu zikalainika. Sabuni ilikuwa kipande cha mche, na brashi, na subira ya kulizungusha povu hadi lisimame lenyewe. Kisha pembe. Mashine inapenda mpini uinuke kiasi tu, kama nyuzi 30 kati ya wembe na ngozi, na mkono usikandamize hata chembe. Uzito wa chuma unatosha. Mipigo mifupi, kufuata ndevu zinakoelekea, suuza, tena. Mashavuni ilipita ikaacha njia nyeusi inayong'aa katikati ya povu. Chini ya pua, mahali ambapo kichwa kipana hakifiki, kichwa hiki kiliingia na nafasi ikabaki. Sharafa zilikatika kwa mstari ulionyooka, na niliuona mstari huo kabla sijaukata kwa sababu hakuna kitu kinachoziba. Shingoni nilivuta ngozi kwa vidole vya mkono wa kushoto, nikapita kwa kushuka, kisha kwa ubavu, na sikuthubutu kupandisha kinyume na ndevu, na wala hapakuwa na haja. Maji baridi, kipande cha shabu kilicholowa, mwisho. Shabu ina kawaida ya kusema ukweli: penye mchubuko itauma. Haikuuma popote!

Ndevu za wiki mbili usiipelekee. Mashine za namna hii zina nafasi ndogo kati ya wembe na kinga, na nywele ndefu zitaiziba. Punguza kwanza kwa mashine ya umeme au mkasi. Bei nayo si ndogo, na kwa fedha hiyo mtu angenunua nyembe za miaka mingi. Lakini hesabu inageuka ukikumbuka kwamba wembe mmoja sasa ni nyembe mbili, kwamba hakuna kichwa cha kununua kila mwezi, na kwamba ukikwama popote Simiyu, iwe Bariadi mjini au Lalago au kijiji chenye duka moja, wembe wako upo. Wafanyabiashara wa Mwanza wanaojaza kontena kwa nyembe za plastiki wangeleta hata sanduku moja la mashine hizi, naamini zingeisha kabla hazijapangwa kwenye rafu.

Bado sijajua nusu moja itadumu kunyoa mara ngapi, na nitaijaribu kwa Topaz, kisha Nacet, kisha chochote nitakachokuta dukani, maana kila wembe una makali yake na mashine hii itayapambanua. Na bado sijaipeleka kichwani. Nimekuwa nikinyolewa kipara kwa miaka, na kisogo ndicho mahali ambapo vipele hunisumbua kuliko popote, palepale ambapo kola inasugua. Mzee wa stesheni ameshasema atanisimamia kwa kioo cha pili, na nusu ya pili ya wembe tayari nimemkabidhi aitunze. Jumamosi, maji ya mvua yakiwa bado kwenye pipa, tunaanza na kisogo.